Otomatiki Si Neno Moja: Mnunuzi wa Pikapu Kwale Aambiwe Ukweli

Katika masoko ya magari yaliyotumika, kuanzia Mombasa hadi Ukunda, lipo neno moja ambalo limegeuzwa kuwa jibu la kila swali. Mnunuzi akitaka kujua pikapu ya dizeli aliyoonyeshwa ina giaboksi ya aina gani, huambiwa, "Otomatiki." Akidadisi zaidi, huambiwa kwamba otomatiki ni otomatiki, na kwamba kazi yake yeye ni kukanyaga mafuta na breki tu. Jibu hilo ni sawa na kumwambia mgonjwa kwamba dawa ni dawa. Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini jibu hilo halitoshi, hasa kwetu sisi wa Pwani ya Kusini, na kwa nini mnunuzi ana haki ya kuandikiwa, kabla hajatoa fedha zake, jina kamili la giaboksi anayoinunua.

Pikapu katika Kaunti ya Kwale si pambo la kuegeshwa mlangoni. Ndiyo inayochukua samaki kutoka Gazi, Shimoni na Vanga hadi mahotelini Diani na masokoni Mombasa. Ndiyo inayobeba nazi, korosho na maembe kutoka Msambweni na Lunga Lunga, na mapipa ya maji kwa watu wa Kinango wakati wa kiangazi. Aghalabu hununuliwa kwa mchango wa kikundi, kwa mkopo wa chama cha akiba, au kwa fedha za ng'ombe na shamba vilivyouzwa. Giaboksi ikifa miezi michache baada ya ununuzi, haliwi hasara ya mtu mmoja. Wenye kutegemea gari hilo wote hupoteza, na mkopo huendelea kudaiwa ilhali gari limegeuka kiota cha kuku nyuma ya nyumba.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya tatizo hili ni kununua gari la gia za mkono, mambo yakaisha. Nasaha hiyo ilikuwa na maana zamani, lakini soko limeanza kuitoroka. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Wakati huohuo, Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004, na ilipoirudisha huko Septemba 2017, iliileta na injini ya dizeli ya lita 2.4 na giaboksi ya otomatiki ya gia sita peke yake. Maana yake ni kwamba mtu anayeagiza kutoka Japani Hilux ya dizeli inayokubalika kisheria hana la kuchagua: ataletewa otomatiki. Hata Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyosifika kwa miaka mingi kuwa gari la gia za mkono lisilojua shida, ilipata toleo la dizeli la lita 2.8 lenye otomatiki ya gia sita mwaka 2023. Kwa hiyo, swali si tena kama otomatiki zitakuja Kwale. Zimekwisha kuja. Swali ni kama tunazijua.

Wala haifai kuendelea na dhana kwamba otomatiki ni gari la watu wa mjini wasioweza kazi. Hilux ya dizeli ya lita 2.8 iliyotoka mwaka 2015 ilipewa nguvu ya mzunguko ya Nm 450 ikiwa otomatiki, na Nm 420 ikiwa ya gia za mkono. Mtengenezaji mwenyewe aliiamini zaidi ile ya otomatiki. Isitoshe, mtu ajuaye foleni ya feri ya Likoni, ya kusogea hatua mbili na kusimama, kisha kusogea tena hadi kwenye mteremko wa gati, anajua ni klachi ngapi zimeungua pale. Otomatiki iliyo nzima humwondolea dereva adha hiyo. Tatizo, basi, haliko katika otomatiki yenyewe. Liko katika ujinga unaoizunguka.

Tuanze na maumbile. Pikapu nyingi za dizeli zinazofika kwetu zina otomatiki ya asili, yaani ile inayotumia konveta. Konveta ni chombo cha mviringo kilichojaa oili, kilichowekwa kati ya injini na giaboksi mahali pa klachi. Injini husukuma oili, na oili huzungusha upande wa pili. Ndiyo sababu gari la namna hii huweza kusimama likiwa kwenye D bila injini kuzima. Lakini oili inayosukumwa bila kugandamana huzaa joto, na joto ndilo adui mkubwa wa giaboksi. Ili kulipunguza, konveta ina kufuli ya ndani ambayo, mwendo ukikolea, hushikamanisha pande zote mbili zikazunguka kama kitu kimoja.

Katika jamaa hii moja ya konveta, tofauti ni nyingi. Hilux za kizazi kilichoanza mwaka 2004, zenye injini ya lita 3.0, zilianza na giaboksi iitwayo A340 yenye gia nne. Baadaye zikapewa A750 yenye gia tano. Kizazi kilichofuata, cha mwaka 2015, kikaja na AC60 yenye gia sita. Zote tatu ni kazi ya kampuni ya Aisin ya Japani, lakini si zote zinazotumia oili moja, na kila moja ina kompyuta yake. Isuzu D-Max nayo ilipita njia hiyohiyo, kutoka gia tano hadi sita. Mitsubishi L200 ilikuwa na gia nne na tano kabla ya kufikia sita. Nissan Navara ilitoka gia tano ikaenda saba. Ford Ranger ya mwaka 2011 ilikuwa na gia sita, na ile ya injini ya lita 2.0 yenye tabo mbili ikaletwa na gia kumi. Volkswagen Amarok ilitumia gia nane. Mtu akiniambia kwamba vyote hivi ni kitu kimoja kwa sababu tu vina pedali mbili, nitamuuliza kama jahazi na ngalawa ni kitu kimoja kwa sababu vyote vina tanga.

Je, ipi ni bora? Hapa nawasihi wasomaji wasitafute jibu la mkato. Giaboksi ya gia nne ni sahili na mvumilivu. Vipuri vyake ni vingi na mafundi wengi wameshaifungua. Ila gia zake zina mwanya mkubwa kati ya moja na nyingine, kwa hiyo injini huhangaika. Anayepanda kutoka Kombani kwenda Kwale mjini, uliko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari, akiwa na mzigo kamili, ataisikia ikipanda gia ya nne, ikishindwa, ikirudi ya tatu, kisha ikijaribu tena. Kila kuhangaika huko ni joto, na kila joto ni umri unaopungua. Dereva anayejua huizuia isiingie gia ya juu mpaka amalize kilima.

Giaboksi ya gia sita ina gia ya kwanza yenye nguvu zaidi ya kuondoka na mzigo, na kufuli ya konveta hushika mapema, hivyo joto hupungua na dizeli hutumika kwa uangalifu. Kwa anayevuta mashua kutoka ufukweni au kupita kwenye mchanga, faida hiyo ni kubwa. Hata hivyo, haisamehi uzembe. Inahitaji oili yake mahsusi, kipimo chake mahsusi, na fundi mwenye kifaa cha kuzungumza na kompyuta. Ile ya gia kumi ni laini na hubana mafuta, lakini ina sehemu nyingi zaidi za kuharibika, na kabla ya kuinunua ni busara kuuliza ni nani kati ya Likoni na Lunga Lunga awezaye kuifungua na kuifunga. Kwa ufupi, giaboksi bora ni ile unayoijua jina, unayoweza kuipatia oili, na iliyo na fundi karibu nawe.

Ziko pia otomatiki zisizo za jamaa hii. Katika malori madogo ya dizeli yanayoletwa kutoka Japani, Isuzu Elf yenye maandishi ya Smoother ina giaboksi ambayo ndani yake ni meno ya gia za mkono, ila klachi na ubadilishaji wa gia husimamiwa na kompyuta. Canter yenye Duonic, iliyotokea mwaka 2010, ina klachi mbili zinazopokezana. Nayo magari madogo mengi ya petroli yanayojaa mijini hutumia CVT, yaani mkanda wa chuma juu ya magurudumu mawili yanayopanuka na kusinyaa. Fundi aliyezoea mojawapo ya hizi anaweza kuiharibu nyingine kwa nia njema kabisa. Oili ya CVT ikimiminwa katika giaboksi ya konveta, au kinyume chake, ni sumu.

Sasa mnunuzi afanyeje ili ajue? Jambo la kwanza ni kusoma kibao. Kila Toyota ina kibao cha chuma au karatasi ngumu, ama chini ya boneti ama kwenye nguzo ya mlango. Katika mstari ulioandikwa TRANS/AXLE utakuta jina la giaboksi. Ukiona A340F, A750F au AC60F, umejua mengi kwa neno moja: jina la jamaa yake, na ile herufi F inakuambia kwamba ni ya gari linaloendeshwa kwa magurudumu manne. Herufi E ni ya gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Jambo hili dogo limewaponza wengi waliokwenda kununua giaboksi ya mtumba wakasema tu wanataka "ya Hilux." Kwa magari mengine ambayo kibao chake hakisemi, namba ya chasisi hupelekwa kwa muuzaji wa vipuri naye hutoa jina.

Jambo la pili ni mkono wa gia. Kitufe kilichoandikwa O/D kwa kawaida ni alama ya giaboksi ya gia nne. Mkono wenye njia ya pembeni yenye alama za kujumlisha na kutoa huashiria ya baadaye. Lakini dalili hii haitoshi peke yake, kwa kuwa mkono hubadilishwa na hata mapambo huuzwa.

Jambo la tatu ni kuhesabu. Endesha gari katika barabara tambarare, kama ile ya kati ya Ukunda na Msambweni, ongeza mwendo taratibu, na utazame mshale wa mizunguko ya injini. Kila gia inapobadilika, mshale hushuka. Giaboksi ya gia nne hushusha mshale mara tatu, ya gia sita mara tano. Ila pana mtego: kufuli ya konveta inaposhika, mshale hushuka kidogo mara moja zaidi, na muuzaji mjanja huitumia nafasi hiyo kukuhesabia gia isiyokuwapo. Gusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto huku mafuta yakiwa palepale. Mshale ukipanda kidogo na kurudi, hiyo ilikuwa kufuli, si gia.

Jambo la nne ni oili yenyewe. Oili nzima ina rangi nyekundu na haina harufu ya kuungua. Ikiwa nyeusi na inanuka kama kitambaa kilichoungua, ondoka hapo bila kujadili bei. Giaboksi za zamani zina kijiti cha kupimia. Nyingi za kisasa, kama AC60, hazina. Kipimo chake huchukuliwa kutoka chini, kwa kufungua bolti maalumu wakati injini inanguruma na oili imefikia joto lililowekwa. Fundi atakayekuambia kwamba ameijaza "kwa makadirio" amekuambia ukweli wa kutisha.

Na hapa ndipo penye kiini cha hasara nyingi. Kwa kuwa karibu oili zote za giaboksi ni nyekundu, watu hudhani ni moja. A340 za zamani zilizoea oili za jamaa ya Dexron. A750 na AC60 zilitengenezewa oili ya Toyota iitwayo WS, ambayo ni nyepesi zaidi. Ranger ya gia sita hutumia Mercon LV, na ile ya gia kumi hutumia Mercon ULV. Mtu akichanganya, gari halizimi siku hiyo. Huendelea kutembea wiki kadhaa, likichelewa kushika gia, likitetemeka kidogo, mpaka siku litakapokataa kwenda. Kufikia hapo aliyemimina oili amekwisha kusahau, na lawama hutupiwa otomatiki, au hata mkono wa mtu. Tena vitabu vya magari husema wazi kwamba gari linalovuta tela, linalobeba mzigo mzito au kupita mchangani na vilimani lihesabiwe kuwa la kazi ngumu, na oili yake ibadilishwe mapema. Gari lipi la Kwale lisilo la kazi ngumu?

Kuna na desturi mbili tulizorithi kutoka magari ya zamani ambazo sharti tuziage. Pikapu ya otomatiki haisukumwi ikawaka, hata wakusanyike vijana wa kijiji kizima. Wala haivutwi kwa kamba kutoka Lunga Lunga hadi Ukunda magurudumu yake yakizunguka, kwa kuwa pampu inayosambaza oili ndani ya giaboksi huendeshwa na injini. Injini ikiwa imezima, vyuma vinasagana vikavu. Wengi wamevuta gari lililoharibika kitu kidogo wakalifikisha kwa fundi likiwa limeharibika kitu kikubwa. Gari hilo lipakiwe juu ya lori, na pasipo lori liitwe.

Haya yote ni elimu, na elimu haimfikii mtu kwa ndoto. Ndipo ninapotoa mapendekezo matatu.

La kwanza ni la wauzaji. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa anayoinunua. Kitabu cha umiliki wa gari hueleza namba ya chasisi, namba ya injini na aina ya mafuta, lakini hakimwambii mtu jina la giaboksi. Pengo hilo lizibwe katika mkataba wa mauzo. Iandikwe mistari miwili: jina la giaboksi kama lilivyo kwenye kibao, na aina ya oili iliyomo. Wapo watakaolalamika kwamba huo ni usumbufu. Kusoma kibao ni kazi ya dakika moja, nayo mali bila daftari hupotea bila habari. Muuzaji mwaminifu hana cha kupoteza, kwa sababu maandishi hayo yatamlinda naye siku mnunuzi atakapomimina oili isiyofaa.

La pili ni la Serikali ya Kaunti. Katiba hiyohiyo, katika Jedwali la Nne, iliziweka taasisi za ufundi za vijijini mikononi mwa kaunti. Kijana anayesomea umakanika Kwale hana budi kufunzwa giaboksi ya otomatiki kwa vitendo: kuifungua, kuipima oili kwa joto lake, kusoma kibao na kusoma makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Giaboksi mbovu zimejaa katika majuto ya magereji. Zinunuliwe chache kwa bei ya chuma chakavu, ziwekwe mezani darasani. Kijana atakayeimudu kazi hii hatakosa riziki, wala mvuvi wa Msambweni hatalazimika kulipa lori la kumvushia gari lake hadi Mombasa kwa tatizo la kubadilisha filta.

La tatu ni letu sisi wanunuzi. Tuache kuona haya kuuliza. Mtu hukagua rangi, akapiga mateke magurudumu, akawasha redio, kisha akatoa fedha za maisha yake bila kuinama kusoma kibao. Ng'ombe tunamfungua kinywa tukahesabu meno kabla ya kumnunua. Vipi gari lenye bei ya ng'ombe kundi zima tulichukue kwa neno la mdomo? Vikundi na vyama vya akiba vinavyotoa mikopo ya magari navyo viweke sharti kwamba jina la giaboksi na aina ya oili vionekane katika karatasi za maombi, la sivyo fedha zisitoke. Sharti hilo moja litafanya kazi kubwa kuliko semina kumi.

Pwani hii imeishi na vyombo kwa karne nyingi. Nahodha wa Vanga hakuwahi kuambiwa "hiki ni chombo" akaridhika. Aliuliza mbao zake, mkuku wake, tanga lake na mkono wa fundi aliyekiunda, kwa sababu roho za watu zilikuwa juu yake. Pikapu ya leo imebeba riziki za watu walewale. Atakayekwenda kuinunua na aulize jina la giaboksi yake, na muuzaji na amjibu kwa maandishi.